Muuaji Niliyemlisha Maneno

Tangu nikabidhi maikrofoni mwezi uliopita, vijana wa studio tatu wameshanijia nyumbani Buyenzi, hapa Bujumbura, kila mmoja na simu yake mkononi, wakitaka nirekodi historia ya kazi yetu. Nimekataa kurekodi. Sauti yangu imefanya kazi miaka mingi, imefanya na mabaya, siiamini tena kama zamani. Nitaandika, nanyi msome polepole. Mshahara sitautaja, maana ukianza kuuandika unaisha kabla ya nukta, na vyeo sikupata hata kimoja isipokuwa kile nilichopewa na mtaa. Jina langu ni Hamisi, lakini hilo analijua mke wangu na imamu. Mji mzima unaniita Mikro.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu, na siyo kwa kuandika chini ya picha kama wanavyofanya wenye haya. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, watu wamejaa kwenye mabenchi, filamu inasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili palepale. Sauti zote zilikuwa zangu. Polisi mimi, bibi harusi mimi, mbwa wa polisi pia mimi. Nyinyi leo mnajifungia chumbani na kompyuta, mkikosea mnafuta. Sisi tulikuwa tukikosea tunapigwa ganda la ndizi.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Zuberi, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa malori aliyeokota Kiingereza chake kwa madereva wa Mombasa, kwa hiyo katika filamu zake hata mapadri walitukana kidogo. Siku yangu ya kwanza alinipa dakika kumi za filamu ya karate. Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili, nikasoma kila neno kama khutba ya Ijumaa. Benchi la nyuma likaanza, “Turudishie mzee! Turudishie mzee!” Zuberi akanifinya paja, akaninong’oneza, “We unatafsiri maneno. Tafsiri mutu!” Ule mfinyo ulikaa wiki nzima, na somo nimekaa nalo mpaka leo.

Alinifundisha vifaa. Maikrofoni huvalishwa kipande cha sponji ya godoro ili pumzi isipige. Kwenye kitufe cha sauti ya filamu huondoi kidole: watu wakisema unakishusha, mlio ukija unakipandisha, maana mlio wa filamu haushindwi na koo la binadamu. Tangawizi mbichi mfukoni, maziwa marufuku. Tena filamu huitazami kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Unaitazama peke yako kwanza, unaandika kwenye daftari nani ni nani, nani atakufa, na nani atajifanya amekufa.

Halafu alinifundisha kubatiza. Ndivyo alivyoita, ingawa alikuwa Mwislamu wa swala tano: kumpa kila mtu wa kwenye filamu jina la hapa kwetu, ili mama wa Buyenzi asihangaike na majina ya Wazungu. Hapo alikuwa na sheria moja, na aliisema bila kucheka. “Shujaa mupe jina lolote, hata la shemeji yako. Muuaji mupe jina la kitu. Usimupe la mutu, usimupe la mulima, usimupe la kartie, mutaa wa watu.” Nilimuuliza kwa nini. Akaniangalia kama niliyezaliwa jana. Sisi wa Bujumbura tumeona jina moja likitajwa asubuhi sokoni, na jioni nyumba fulani haina mtu. Sikuuliza tena. Wauaji wangu wakaitwa Msumari, Kamba, Shoka, na hakuna msumari hata mmoja uliokuja kunilalamikia.

Sasa niwape siri ambayo hata mke wangu aliijua kwa kubahatisha. Mimi ni mwoga. Filamu za vita, sawa. Za mapenzi, sawa, ingawa busu nilikuwa nalitafsiri kama “wanasalimiana”. Lakini filamu za wauaji, zile za mtu aliyeficha uso anayemfuata msichana polepole na bado anamfikia, zile zilinitoa jasho la mgongo. Na ndizo watu walizozipenda kuliko zote. Kwa hiyo nilijitungia ujanja: kuzitazama peke yangu mchana, mlango wazi kabisa, huku nimezima sauti. Bila muziki wao wa kukwaruza, muuaji ni mzee tu anayetembea. Mwalimu Zuberi hakuwahi kujua. Angenifinya mapaja yote mawili.

Alipofariki, nikahamia ukumbi wa Mama Nadine, kaskazini, karibu na Buterere. Mama Nadine alikuwa mjane mwenye ukumbi wa mabati, jenereta moja na maneno machache. Watazamaji wetu walikuwa wakulima wa mpunga, mafundi baiskeli, wanafunzi waliotoroka shule, na akina mama waliotega sikio dirishani huku wanauza. Mlangoni palikaa Jenoroza, muuza maandazi, na bintiye Divine mwenye miaka sita, ambaye aliokota kila neno langu kama kuku anavyookota mchele.

Na alikuwapo Mzee Karoli. Yeye alifuga nyuki kule ukingoni mwa mashamba ya mpunga, mizinga yake imetundikwa kwenye miti michache iliyobaki. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Hakuna aliyemwita Karoli. Watu walimwita Muvumvu, ambalo kwa Kirundi ni mfuga nyuki, basi. Alipita kila asubuhi na bidoni, yaani dumu lake la asali, na fungu la vijiti vya mwanzi, akiita kwa sauti nzito ya puani, “Kuja, mutoto, kuja uonje!” Mtoto akija, anachovya kijiti, anampa alambe bure. Mama mtu akiona mtoto amelamba anaona haya, ananunua. Hiyo ndiyo biashara aliyoachiwa na baba yake, wito na vijiti na yote.

Siku moja Mama Nadine alirudi kutoka mjini na diski moja. Kwenye jalada palikuwa na wauaji wawili wametazamana. Tuliwajua wote wawili kwa sifa tu, kila mmoja na filamu zake ambazo hazikuwahi kufika kwetu. Mmoja alikuwa kinyozi mwenye wembe mrefu, nadhifu, anayepiga mluzi. Wa pili alikuwa mfuga nyuki mwenye wavu usoni, anayeburuta mguu, na hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Sasa kuna mtu huko ng’ambo amewakutanisha ili wauane. Mama Nadine akagonga jalada kwa ukucha. “Mikro, hii ni kama mechi. Watu watagawanyika. Kila mutu atataka kuona wake anashinda.” Na kweli, siku mbili kabla ya kuonyesha, mafundi baiskeli walishaanza kubishana barabarani nani atamuua nani.

Nikaitazama peke yangu, mlango wazi, sauti nimezima. Kinyozi nikambatiza Wembe, jina la kitu, safi. Lakini yule mwingine? Nilitaka kumwita Wavu, halafu nikaona ni jina baridi, linafaa wavuvi wa Kajaga. Nikaandika kwenye daftari: Muvumvu. Nilijiambia siyo jina la mtu, ni la kazi, kama vile kusema mwashi au fundi cherehani. Tena wavu umemfunika mdomo, kwa hiyo sikuweza kuona kama anasema. Nikaandika pembeni, “maneno yake: sikiliza siku hiyohiyo.” Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, na mimi sikuwa nimeerevuka bado.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika mpaka madirishani. Jado, fundi baiskeli mwenye mdomo mpana, aliteka benchi la kushoto akalitangaza ni la Wembe. Wanafunzi wakachukua la kulia, la Muvumvu. Filamu ikaanza. Wembe akapiga mluzi wake, nikampa maneno yake, watu wakacheka kwa woga. Halafu mlango wa ghala ukafunguka kwenye picha, na yule wa wavu akasimama pale.

Nikapandisha sauti ya filamu nimsikie anasema nini. Hakusema kitu. Msichana amejificha nyuma ya pipa, yule anaburuta mguu, anasimama, anasikiliza. Hakuna muziki. Hakuna neno. Watu mia moja wamenigeukia mimi gizani wakingoja sauti, na mimi nimeshika maikrofoni. Jamani, kimya kile! Nilihisi kama yule wa wavu ananingoja mimi. Ukiwa unaogopa, mdomo unashika kilicho karibu. Asubuhi ile nilikuwa nimemsikia Mzee Karoli akipita. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, nzito, ya puani, inasema polepole:

“Kuja, mutoto... kuja uonje.”

Ukumbi ulilia. Wanaume wazima waliinua miguu juu ya benchi. Mwanamke mmoja dirishani aliangusha sinia la nyanya. Sijawahi kupata mlio wa namna ile kabla wala baada, na sitawadanganya, nilifurahi. Woga wangu ulinitoka ukawaingia wao. Kwa hiyo kila alipotokea nikamlisha maneno yaleyale, na kila mara walilia zaidi, mpaka mwisho, pale Wembe anapomshika na benchi la Jado linasimama lote linapiga miguu chini, “Kata wavu! Kata wavu!” Mimi ndiye niliyewaanzishia ule wimbo kwenye maikrofoni. Wembe akakata, picha ikaisha bila kuuonyesha uso, watu wakatoka wamelowa jasho wakisukumana.

Tuliionyesha wiki sita mfululizo. Watoto walicheza Muvumvu njiani na mfuko wa kitunguu usoni. Mtoto wa kiume wa jirani wa ukumbi, Fabrice, aliiga ile sauti vizuri kuliko mimi. Divine aliogopa kwenda chooni peke yake.

Wiki ya tatu Mzee Karoli alikuja ukumbini asubuhi, bidoni imejaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Mikro, nikuulize kitu. We unaongea na watu sana.”

“Karibu, mzee wangu.”

“Batoto wananikimbia. Naita, wanalia. Jana mama moja amenifungia mulango usoni. Mi nimefanya nini?”

Ndugu zangu, hapo ndipo pangefaa niseme. Ulimi ulikuwa mdomoni, mzima kabisa, ule ule uliofanya kazi yote hii. Nikamwambia, “Batoto ni batoto, mzee. Itapita.” Akanishukuru. Akachovya kijiti akanipa nilambe, na nikalamba.

Nilipoondokewa na utamu nikamwendea Mama Nadine. Nilimwambia tubadilishe jina, tuondoe yale maneno. Hakuinua macho. “Watu wanakuja kwa sababu ya yale maneno. Ukiyatoa, wataona tumewaibia.” Ningeweza kukataa. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, siyo mkononi mwake. Jumamosi ikafika, yule wa wavu akatokea, ukumbi ukanigeukia, nikasema.

Halafu mvua zikaja. Wanaoijua Buterere wanajua, maji hayapiti pale, yanakaa. Siku ile ya Alhamisi yalikuwa yameingia nyumba za chini tangu alfajiri, watu wamebeba magodoro kichwani. Saa nane mchana tulikuwa tumewasha jenereta kwa ajili ya waliokuja kujikinga, filamu ya kuchekesha, nikasikia Jenoroza anaita nje. Mwanzoni aliita kawaida. Kisha akaita tena, na safari hii watu wote ndani walisimama.

Divine haonekani. Asubuhi aliachwa kwa jirani wakati mama yake anahamisha vyombo, na jirani mwenyewe amekimbia maji hajulikani aliko. Watu wakaanza kuingia mifereji na fimbo, wakichoma maji, na kila fimbo iliposhuka Jenoroza alifumba macho. Halafu mtoto mmoja wa kike, Sandrine, miaka minane, akasema alichosema. Alisikia asubuhi, nyuma ya nyumba, “Kuja, mutoto, kuja uonje.” Na Divine alikuwapo hapo.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Niliona lile neno likipita kwenye nyuso, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeuliza swali. Jado alikuwa na kisu chake cha kukatia mipira ya baiskeli, akakiangalia mkononi kana kwamba ndiyo kwanza anakiona, kisha akaanza kutembea kuelekea mashamba ya mpunga. Wakamfuata. Wanaume, wanawake, wanafunzi wa benchi la kulia na la kushoto pamoja.

Nitasema ukweli wote, maana vinginevyo kuandika huku ni bure. Sikuwafuata. Niliingia ndani nikazima filamu, nikakaa kwenye kigoda changu. Nilijiambia watamuuliza tu. Nilijiambia kuna polisi. Nilijiambia mimi ni nani, mtu wa Buyenzi, Mwislamu, kusimama mbele ya watu wa Buterere wenye uchungu wa mtoto. Nikaanza kukunja waya wa maikrofoni, taratibu, mviringo juu ya mviringo, kama Zuberi alivyonifundisha. Halafu nikausikia, mbali, kutoka mashambani, wimbo wenye kishindo cha miguu.

“Kata wavu! Kata wavu!”

Kwa sekunde moja nilifikiri ni ukumbi wangu. Wallahi, niligeuka kuangalia mabenchi. Yalikuwa matupu. Hapo nikakimbia.

Maji yalifika magotini. Viatu vilibaki kwenye tope, sijui cha kulia kilibaki wapi na cha kushoto wapi. Nilipofika walikuwa wamezunguka nyumba ya Mzee Karoli, na yeye alikuwa mlangoni. Maji yalikuwa yameangusha miti yake miwili, naye alikuwa ametoka kuokoa mizinga. Kwa hiyo alikuwa amevaa wavu. Wavu mweusi kutoka kofia hadi mabegani, na mguu wake mfupi umezama topeni. Alipopiga hatua moja mbele, watu hamsini walirudi nyuma kwa pamoja, wakipiga ukelele uleule wa Jumamosi. Na mimi, niliyemjua, niliyelamba asali yake, nami nilirudi nyuma.

“Ni nini?” alisema ndani ya wavu. “Jama, ni nini?”

Jiwe la kwanza lilimkosa. La pili lilimpata kwenye paji la uso, nikalisikia. Hakuanguka. Alishika mlango. Jado alikuwa mbele ya wote, kisu kimeshikwa chini kando ya paja kama vile Wembe anavyoushika wembe wake, na midomo yake, Mungu anisamehe, ilikuwa inapiga mluzi.

Nilipiga kelele, “Siyo yeye! Ni filamu!” Nani asikie? Nilisema kwa sauti ya Hamisi, na Hamisi hajulikani na mtu. Nikawapenya mpaka mbele, nikasimama kati ya Jado na mzee, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaipeleka puani.

“KUJA, MUTOTO... KUJA UONJE.”

Wimbo ulikatika. Sandrine alilia, akamkimbilia mama yake akajificha kwenye kitenge, na kidole chake hakikumwelekea mzee, kilinielekea mimi. Nikasema tena. Nikasema mara ya tatu, bila maikrofoni, mchana kweupe, mvua inaninyeshea mdomoni. Niliona watu wakinitazama mimi kwa woga ule waliokuwa wamemwekea yeye. Haukuwa mwepesi kuubeba, nawaambia.

“Hii sauti ni yangu,” nilisema. “Yule wa filamu ni bubu. Tangu mwanzo mpaka mwisho, hasemi hata neno moja. Mi nilimulisha maneno. Niliyaiba kwa huyu mzee, ni maneno yake ya kuuza asali. Sandrine, mwanangu, asubuhi umesikia nani?”

Mama yake akamtikisa. “Sema!”

“Fabrice,” alisema ndani ya kitenge. “Tulikuwa tunacheza Muvumvu. Ilikuwa zamu ya Fabrice.”

Mtu mmoja alianza kuondoka, akijifanya anatafuta ndala yake. Jado hakuondoka. Alinipiga ngumi mdomoni, jino likaenda, na bado naona alinipunguzia. Kisu alikiacha topeni. Sikumlaumu siku ile wala baadaye. Mimi ndiye niliyempa kazi ya Wembe wiki sita, kila Jumamosi.

Jenoroza alipigiwa simu tukiwa bado pale. Dada yake wa Mutanga Nord, mtaa wa juu usiofikiwa na maji, alikuwa amepita asubuhi akamchukua Divine kwa sababu ya maji, akamwachia ujumbe yule jirani aliyekimbia. Mtoto alikuwa amekula, amelala. Jenoroza aliketi chini kwenye maji, simu sikioni, akicheka na kulia, na watu wakapata la kufanya, wote wakaenda kumwinua. Hakuna aliyekwenda mlangoni kwa mzee. Nilikwenda mimi. Damu ilikuwa imegandisha wavu kwenye paji la uso, hawezi kuufungua. Niliuinua mimi. Alikuwa na uso wa kawaida, wa mzee aliyelia. Alisema tu, “Polepole, Mikro, kuna nyuki humo.”

Kwenye kituo cha afya walimshona nyuzi saba. Diski ile niliivunja mbele ya Mama Nadine, yaani nilitishia kuivunja, naye akaninyang’anya akaifungia sandukuni. Hatukuionyesha tena. Nilirudi kazini baada ya wiki mbili, na pengo la jino likanifanya niseme “s” kwa filimbi. Watu waliomba msamaha kwa mzee mmoja mmoja, kwa kununua. Walinunua sana mwezi ule, asali iliwashinda majumbani. Lakini nyinyi mnaobatiza kwenye kompyuta leo, mniulize mimi jina la kazi ni jina la mtu au siyo. Mahali ambapo kazi hiyo inafanywa na mmoja tu, ni jina lake la ubatizo.

Mzee Karoli alipita sasa kimya, akigonga bidoni kwa funguo. Ko, ko, ko. Watoto hawakumkimbia, wala hawakumjia. Hivyo ikapita miezi miwili. Siku moja asubuhi alikuja ukumbini, nikiwa peke yangu nafagia.

“Nataka kuiona,” alisema.

“Nini, mzee?”

“Ile filamu. Nimepigwa jiwe kwa sababu yake, mi sijaiona.”

Nilimwomba Mama Nadine ufunguo wa sanduku. Alinipa, akatoka nje. Mzee akataka kukaa benchi la mbele, katikati. Nikaishika maikrofoni kwa mazoea, akainua mkono. “Apana. Iache iseme yenyewe.” Kwa hiyo nilikaa pembeni yake, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaitazama filamu ile yote na sauti yake. Yule wa wavu alipofungua mlango wa ghala, mzee alishika ukingo wa benchi. Aliangalia ule mguu unaburutwa. Aliangalia mpaka mwisho, mpaka wavu ukakatwa, na sikuthubutu kumtazama usoni.

“Kweli hasemi,” alisema.

“Hasemi, mzee.”

“Hata neno moja.”

“Hata moja.” Nikaona nisikae kimya mara ya pili. “Nisamehe, baba. Rudi kuita kama zamani. Nitapita nyumba kwa nyumba, nitawaambia batoto wote ni maneno yako, ni ya asali. Yarudishe. Ni ya baba yako.”

Alikaa akizungusha kofia mapajani. Kovu la paji la uso lilikuwa bado jekundu.

“Nilijaribu,” alisema. “Juzi, kule kwa mizinga, niko peke yangu. Nikasema, kuja, mutoto, kuja uonje.” Aliyasema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayegusa kidonda. “Mikro, niliogopa. Niligeuka kuangalia ni nani iko nyuma yangu.”